Mtoto Amelala: Sehemu ya Sita

"Usinipandishie sauti nyumbani kwangu, dada. Mimi nimeokoka."

"Umeokoka, hongera. Sasa niokoe na mimi."

"Siwezi kusimama mbele ya watu kutaja mambo ya mizimu."

"Nani kakuomba utaje mizimu? Taja sime. Sema ilikuwa ya mjomba, sema nilikuwa nakuletea wewe. Maneno mawili tu, unarudi kwenye mageti yako."

Laurenti, mdogo wangu wa tumbo moja, akanigeuzia mgongo, akashusha kinga ya macho na kuwasha mashine ya kuchomelea. Cheche zikaruka mpaka miguuni kwangu. Ilikuwa Jumapili mchana, Mafiga, na suruali aliyovaa kanisani ilikuwa bado ina mkunjo wa pasi. Amri ya kuitakasa Sabato inaonekana haihusu mageti.

Kama umenikosa wiki zilizopita, nakupa kwa kifupi, maana aibu ikirudiwa yote inachosha hata mwenye nayo.

Mjomba wetu Severini alifariki kule Matombo. Katika ukoo wetu jina la mjomba halizikwi, linapokelewa na mtoto wa dada yake. Sime ya marehemu inateremka kumfuata mrithi ikiwa mgongoni kwa mwanamke wa ukoo, imefungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga, kwa sababu jina linazaliwa upya. Mbebaji haitui njiani. Haifunui. Akiulizwa, jibu lake ni moja, alilopewa na wazee: mtoto amelala.

Basi mimi Filomena, mama wa watoto watatu, mwenye stashahada ya kilimo, afisa ugani wa kata, miaka arobaini na sita na magoti yanayolia, nikapanda bodaboda na mtoto wa chuma mgongoni. Pale Bigwa askari wa kike, Koplo Rahel, akatusimamisha. Hakuwa na habari na silaha. Alimwonea huruma mtoto. Alitaka kumsema dereva kwa kumpakia mama mwenye kichanga kwenye jua kali namna ile.

"Hebu nimwone," akasema, kwa sauti ile ya watu wanaopenda watoto.

"Mtoto amelala," nikajibu.

Akafunua.

Shtaka: kubeba silaha kwa kificho mahali pa watu bila sababu halali. Nikitiwa hatiani, ajira yangu imekwisha, na ajira hiyo ndiyo inayolisha nyumba, maana mume wangu, baba Judith, alishaondoka zamani kwa miguu yake mwenyewe. Wiki jana niliishia pale nilipoletewa orodha ya mashahidi wa upande wa mashtaka. Wa tatu alikuwa Laurenti.

Nikachomoa waya wa mashine yake ukutani. Cheche zikafa.

"Kwa nini uliandika maelezo polisi?"

"Walikuja askari wawili hapa, dada. Wananiuliza sime ni ya nani. Ningesema yangu, leo tungekuwa kizimbani wawili."

"Ukaona bora awe mmoja, tena awe mimi."

"Wewe umesoma. Unajua kujieleza."

"Na hili la kwamba nina ugomvi wa mpaka na jirani, kwamba naweza kudhuru mtu, nalo ulilitoa wapi?"

"Walinibana. Nikasema nilichokumbuka."

"Laurenti, niligombana na jirani kwa sababu mbuzi wake alikula mchicha wangu. Judith alikuwa kidato cha kwanza. Sasa hivi Judith yuko chuo."

Akajifuta jasho. "Jumapili ijayo nasimikwa uzee wa kanisa. Nikipokea ile sime nimepokea vyote. Kutambika, kuitwa mlimani kila mtu akifa, kusuluhisha watu waliogombania mgomba. Kile chuma kina mambo yake, dada."

"Chuma cha mjomba kina mambo. Na hiki unachokishika kutwa?"

"Hiki nanunua na risiti."

Nikaona sina la kuongea na mtu wa namna hiyo. Nikachukua mkoba wangu. Nikazunguka nyuma ya karakana ili nitokee njia ya mkato, na hapo pua yangu ikanisimamisha.

Turubai lilikuwa limetandazwa juani. Juu yake, pilipili manga. Si kiasi cha kutia kwenye pilau. Zilijaa turubai zima, nyingine bado kijani, zimeshikilia vikonyo vyake.

"Laurenti! Hizi za wapi?"

"Za sokoni."

"Sokoni wanauza mbichi na vikonyo?"

Mimi ni bibi shamba, hiyo ndiyo kazi yangu. Miche iliyozaa pilipili zile nilimpelekea mjomba kwa mkono wangu mwenyewe, nikamfundisha kuiegemeza kwenye miti. Punje kubwa zile, kwa upande ule wa mlima, zilikuwa kwake tu.

"Kwa hiyo jina hulitaki," nikasema. "Pilipili zake unaanika."

Alichomeka waya wake ukutani taratibu. "Shamba halina dhambi, dada."

Kesho yake asubuhi nilikuwa nje ya mahakama kabla mfagiaji hajamaliza veranda. Wakili wangu, Mansuri, ni mtu wa sauti ndogo na mafaili makubwa. Tangu nimkabidhi kesi hii sikuwahi kumwona akicheka. Kila siku ananiambia maneno yale yale: "Mama Judith, sheria haikatazi sime. Inakataza sime isiyo na sababu. Nipe sababu, na nipe mtu wa kuisema."

Nikampa habari ya pilipili manga. Akasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Zinaanikwa uani kwake?"

"Kwenye turubai la bluu."

Wakili Mansuri akatabasamu. Meno yake mazuri kumbe.

Koplo Rahel alikuwa ameshatoa ushahidi wake, na sina kinyongo naye, alisema kweli tupu: aliomba kumwona mtoto, akaambiwa amelala, akakuta makali. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Laurenti. Alikuja na tai. Akaapa na Biblia, akaikumbatia kidogo kabla ya kuirudisha.

Mwendesha mashtaka akamwonyesha sime pale mezani, ikiwa na kikaratasi cha kielelezo kimefungwa kwenye mpini.

"Unaifahamu?"

"Siifahamu."

"Mshtakiwa alikuwa anakuletea wewe?"

"Mimi sikumwagiza mtu kitu."

Mama yetu, bibi Kristina, alikuwa ameketi kwenye benchi la mbele. Alitoka mlimani siku mbili kabla ili amsikie mwanawe. Aliposikia hayo alijifunika kanga kichwani kama mtu anayenyeshewa.

Wakili Mansuri akainuka. Sauti ile ile ndogo.

"Shahidi, marehemu Severini alikuwa nani kwako?"

"Mjomba."

"Alikuwa na shamba?"

"Alikuwa nalo."

"Msimu huu pilipili manga za shamba hilo kachuma nani?"

Laurenti akaniangalia. Mimi nikaangalia dari.

"Shahidi, umeapa."

"Nimechuma mimi."

"Kwa idhini ya nani?"

"Ya ukoo."

"Ukoo ulikupa ukiwa nani? Kibarua?"

Watu wakacheka. Hakimu, mwanamama wa makamo asiyependa mzaha, akagonga meza.

"Nikiwa mpwa wake," Laurenti akasema.

"Wapwa wa kiume mko wangapi?"

"Niko peke yangu."

"Na kwa mila za ukoo wenu, anayepewa shamba la mjomba ndiye anayepewa na nini kingine?"

Tai ikaanza kumbana.

"Shahidi, wewe ni mrithi wa marehemu Severini? Ndiyo au hapana?"

Hapo, msomaji wangu, nikajua tumepita. Akisema ndiyo, sime ni yake, nami nilikuwa natumwa kumpelekea. Akisema hapana, yeye ni mwizi wa pilipili. Nilishaanza kupanga nitakavyoingia ofisini Jumanne, nitakavyomsalimia mkuu wangu wa idara polepole, ili alionje lile jina la "mama wa sime" alilonipa kwa siri.

Laurenti akanyanyua kichwa.

"Mheshimiwa hakimu, nakataa. Jina nakataa, sime nakataa, na shamba nimeliacha kuanzia leo hii. Mimi ni mtu wa Yesu. Dada alikuwa anampelekea nani silaha, anajua mwenyewe."

Mtu mmoja huko nyuma akasema, "Amina!"

Miaka yote namjua ndugu yangu ni mwoga. Anaogopa mbwa, anaogopa mkewe, anaogopa daktari wa meno. Ushujaa wake wote alikuwa ameuweka akiba, akautoa siku ile.

Mwendesha mashtaka alikuwa karibu kupiga makofi. Akafunga ushahidi wake papo hapo. "Mheshimiwa, mrithi mwenyewe amekana. Mila inayosemwa haijaandikwa popote na haina shahidi. Tulichobaki nacho ni mwanamke aliyeivika silaha nguo za mtoto, kisha akamdanganya askari."

Hakimu akasema nina kesi ya kujibu. Nijitetee saa nane mchana.

Nje, wakili Mansuri akanivuta pembeni, na ule uso wake wa zamani ukiwa umerudi.

"Mama Judith, tubadilishe. Ukubali kosa. Ni kosa la kwanza, una watoto, hakimu atakupiga faini. Jioni unapika nyumbani kwako."

"Na kazi?"

"Hilo ni la mwajiri wako."

"Mwajiri wangu anangoja tu hiyo karatasi."

Akafungua faili, akalifunga. Mawakili wana namna ya kupanga mafaili wakati hawana jibu.

Nikamwendea mama. Alikuwa ameketi chini ukutani, amefungua kitambaa chake cha ndizi za kuchemsha, lakini hazili.

"Mama, kula."

"Nitakula nini? Kaka yangu amekataliwa hadharani kama mbwa mwenye upele." Akavuta kanga. "Jina likikataliwa mbele za watu linabaki na jua moja. Jua likizama jina halijapokelewa, tunalifukia na sime yake. Ndiyo mwisho wa Severini. Hakuna tena."

"Hakuna mpwa mwingine?"

"Wa kiume, yule aliyefungwa tai."

Nikakaa kando yake. Simenti ilikuwa ya moto.

"Na akipokea mwanamke?"

"Hajapokea mwanamke."

"Wanakataza?"

Akanigeukia. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda.

"Hakuna aliyewahi kuuliza."

"Inafanywaje, mama?"

"Anayepokea anakaa chini, bila viatu, miguu ameinyoosha. Dada wa marehemu anamwita kwa jina la marehemu, mara moja. Akiitika, amepokea."

"Basi?"

"Ulidhani kuna fomu?"

Wakili Mansuri alikuwa amesimama juu yetu, amesikia yote. "Mama Judith, nakuomba. Ukilichukua jina, sime inakuwa yako. Utakuwa umekiri mbele ya hakimu kwamba ulibeba silaha yako mwenyewe, ukaificha, ukamwongopea koplo. Hapo faini usiitegemee. Hapo tunazungumzia gereza."

"Mbona asubuhi sababu ilitosha?"

"Asubuhi tulikuwa na mrithi."

Saa nane ilipofika nilikuwa sijaamua kitu. Napenda niseme ukweli kwenye gazeti hili, watu wasije wakanifanya jasiri. Nilipanda kizimbani huku nikiwa na jibu la wakili mdomoni: nakubali kosa. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikaapa, na mwendesha mashtaka, kwa furaha aliyokuwa nayo, akaniwahi.

"Mshtakiwa, ulimwambia koplo kuwa mtoto amelala. Kulikuwa na mtoto?"

"Hapakuwa na mtoto wa nyama."

"Kwa hiyo ulidanganya."

"Harusini wakiimba kwamba bwana harusi ni simba, huwa unawapigia simu maliasili?"

Ukumbi ukalipuka. Hata Koplo Rahel aliinamisha uso kwenye kofia yake. Hakimu akagonga meza mara tatu.

"Mama, jibu swali."

"Samahani, mheshimiwa. Sikudanganya. Nilijibu kama nilivyotumwa kujibu."

"Ulitumwa na nani?" mwendesha mashtaka akadaka.

"Na wazee wa ukoo."

"Wako wapi hao wazee?"

"Mlimani. Na mmoja yule pale, mama yangu mzazi."

"Nje ya familia yako, mtaje mtu mmoja aliyewahi kuiona mila hii kwa macho yake."

Nikafikiri. Nikapekua kichwani majina yote ninayoyajua mjini. Mila yetu hufanyika ndani, milango imefungwa. Tumeitunza vizuri hivyo, sasa hata kutuokoa haiwezi.

"Hakuna," nikasema.

"Imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa."

Akageuka kumtazama hakimu, mikono kiunoni, kama mtu aliyemaliza kula na anasubiri maji ya kunawa. "Kwa hiyo unataka mahakama hii ikuamini kwa neno lako tu?"

Wakili Mansuri alikuwa ananitikisia kichwa taratibu, kushoto, kulia. Nilikielewa vizuri kichwa chake. Kilikuwa kinasema: sasa, sema umekubali, twende nyumbani.

Nyumbani kupi? Nyumba ya afisa ugani aliyefukuzwa kwa kosa la jinai? Nitawaambia nini wakulima wangu, kwamba nilikuwa na sababu halali, ila nililipa faini ili nisiisumbue mahakama?

"Hapana," nikasema. "Isiniamini. Itazame."

Nikavua viatu. Nikafungua kijimlango cha kizimba, nikashuka, nikatembea hatua nne mpaka katikati ya ukumbi, nikakaa chini sakafuni. Miguu nikainyoosha mbele yangu, nyayo zikimtazama hakimu. Niseme pia kwamba soksi zangu zilikuwa na tundu, kidole gumba cha kulia. Mtu hajui asubuhi atakapofikia mchana.

Askari wa mahakama akanijia. Hakimu akanyoosha kiganja, askari akasita.

"Mshtakiwa, unafanya nini?"

"Najitetea, mheshimiwa."

"Napinga!" mwendesha mashtaka akaruka.

"Unapinga nini?" hakimu akamuuliza.

Akafungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena. "Kukaa, mheshimiwa."

"Mheshimiwa, naomba dakika tano nizungumze na mteja wangu," wakili Mansuri akasema, na kwa mara ya kwanza alikuwa na sauti kubwa.

"Sizihitaji dakika tano," nikasema. "Mama!"

Mama yangu hakuambiwa mara mbili. Aliinuka kwenye benchi la mbele, akaifunga kanga yake kiunoni, akaja. Magoti yake ni mabaya kuliko yangu. Hakuna aliyemzuia, maana yule askari alikuwa kijana aliyelelewa vizuri, na alijikuta amesema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sogea kidogo."

Akasimama mbele yangu. Alikuwa anakwenda kuita jina la kaka yake aliyemzika majuzi, na kumpa mwanamke, mahali penye feni na picha ya serikali ukutani. Nikaona anasita.

"Mama, jua linakwenda," nikamwambia.

Ndipo nikasikia benchi la nyuma likilia sakafuni. Laurenti alikuwa amesimama. Tai imelegea, uso umemtoka jasho.

"Subirini kwanza!" akasema. "Subirini. Mama, ngoja. Kwani shamba nalo linakwenda kwake?"

Mama hakugeuka kumtazama.

"Severini!" akaita.

Sauti ile sikuwa naijua. Ilikuwa sauti ya dada anayemwita kaka yake ng'ambo ya bonde. Karani aliacha kuandika. Kule nyuma Laurenti alikuwa amevuta pumzi, kinywa kimeshafunguka.

Tangu utoto wangu nikiitwa naitika abee, kama mama alivyonifunza, na wanangu wa kike nimewafunza hivyo hivyo.

Nikamwahi Laurenti.

"Naam."